Anatomia ya Vilimani: Kuanza na Miguu Yako, Kisha Moyo wa Mbuzi

Wanaoanza uuguzi hapa Bukavu hulundikiwa majina ya misuli kabla hawajagusa hata mmoja. Mimi ningeanzia barabarani. Mji huu, wenye mwinuko wa karibu mita 1,500, hauna njia tambarare za kutosha; miteremko yake iwe darasa lako.

Hatua ya 1: Panda kuelekea Kadutu, kiganja kikiwa juu ya paja. Kila unaponyoosha goti, msuli wa mbele unakaza. Una vichwa vinne, navyo hukutana kwenye kano inayoizunguka pia ya goti na kushika mfupa wa muundi. Msuli huvuta tu, hausukumi kamwe. Kwa hiyo kukunja goti ni kazi ya wenzake wa nyuma ya paja.

Hatua ya 2: Shuka polepole. Msuli uleule sasa unakaza huku ukirefushwa, kama breki. Pumzi hukatika wakati wa kupanda, lakini maumivu ya mapaja ya kesho yake huletwa zaidi na kushuka.

Hatua ya 3: Sokoni, nunua moyo na mguu mzima wa nyuma wa mbuzi, nyama iliyokaguliwa. Mwombe muuzaji asilipasue goti. Vaa glavu, na nyama hiyo isiende chunguni baadaye.

Kiungo cha mguu huo kinachopinda kuelekea nyuma, ambacho wengi hukiita goti la mbuzi, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Lifungue taratibu: utaona gegedu jeupe linaloteleza, vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, na ligamenti mbili zilizopishana katikati. Goti lako lina vitu hivyohivyo.

Hatua ya 4: Pasua moyo kwa urefu, upande wa kulia na wa kushoto. Usiharakishe hapa. Vyumba ni vinne, kama vyako. Bana kuta za vyumba vya chini kwa vidole: wa kushoto ni mnene zaidi, kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, ilhali wa kulia unaifikisha mapafuni tu. Vuta nyuzi nyembamba zinazoshikilia valvu. Zinazuia valvu isipinduke damu inaposukumwa. Lakini tumbo la mbuzi usilitumie kujifunzia lako: lina vyumba vinne, lako kimoja.

Hatua ya 5: Mvalishe mwenzako fulana kuukuu, umchoree viungo vya ndani kwa kalamu. Ini, kulia chini ya mbavu. Bandama, kushoto. Figo, mgongoni. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Ncha ya moyo itafute kwa vidole, chini kidogo ya titi la kushoto, kati ya ubavu wa tano na wa sita. Usipoihisi, mwambie ainamie mbele, kisha ujaribu tena.