Dalili ya Kuwapo Mungu: Tuwaambie Nini Wasioamini?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji mingine ya mwambao, darasa letu hili hufanyika Isiolo, mji ulioko baina ya nchi ya mashamba na nchi ya malisho. Hapa wanakutana Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Waislamu, Wakristo na wenye kufuata mila za wazee wao. Vijana wetu huanza masomo hapa, kisha huenda vyuo vikuu vya mbali, na hurudi na vyeti na maswali. Swali moja ndilo linalorudi sana: "Mtu asiyekubali kabisa kuwa Mungu yuko, wala hasadiki Qurani wala Hadithi, tumpe dalili gani?" Mara nyingi jibu wanalolipata kwa wakubwa ni: "Astaghfirullahi, nyamaza!" Jibu hili humnyamazisha kijana mbele yetu tu. Akishatoka mlangoni huenda kuuliza kwingine, na huko hakosi wa kumjibu. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu kulisomesha jambo hili waziwazi.

Kabla ya kuingia katika hoja, tusilikuze jambo kupita kiasi chake. Katika hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 2019, walioandikwa kuwa hawana dini ni 755,750. Katika hesabu ya 2009 walikuwa 922,128. Wala si lazima kila asiyetaja dini awe anamkana Mungu. Basi hapana haja ya kupiga mayowe kwamba gharika imefika. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa rasmi nchini, na mwaka huo huo uandikishaji wake ukasimamishwa, hata shauri likafika mahakamani. Daftari la serikali laweza kufunguliwa na kufungwa. Swali la mtu haliondoki ila kwa jibu.

KWANZA: KUULIZA DALILI SI KUFURU

Nabii Ibrahim, amani imshukie, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Hakuomba kwa kuwa haamini. Aliomba ili moyo wake utulie. Kisa hiki kimo katika Suratul-Baqara, na Mwenyezi Mungu hakumkemea, bali alimjibu. Ikiwa Nabii aliomba utulivu wa moyo, vipi tumkemee mwanafunzi wa miaka ishirini?

Lakini Qurani imetuonyesha pia muulizaji wa namna ya pili. Katika Suratul-Hijr tunaambiwa kuwa wako watu ambao hata lau wangefunguliwa mlango wa mbinguni wakawa wanapanda, wangesema macho yao yamelevywa na wao wamerogwa. Mtu huyu hana haja ya dalili, kwa kuwa amekwisha kukata shauri. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwuliza mwenzako kwa upole: "Wewe ungeona nini ndipo ungekubali?" Akitaja kitu, mnaweza kuendelea. Akisema hapana kitu chochote kitakachomtosha, basi mjadala umekwisha kabla ya kuanza. Mpe salamu njema, na usimtukane.

PILI: HOJA ZISIZOFAA

Yatupasa tuseme kweli: baadhi ya hoja zinazosemwa katika barza zetu zinawapoteza vijana kuliko maneno ya wapinzani.

Imeenea habari kwamba Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi mwaka 1969, alisikia adhana huko, kisha akasilimu. Habari hii si kweli. Armstrong mwenyewe aliikanusha, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ilizipelekea balozi zake taarifa ya kuikanusha. Tena yuko samaki mmoja wa matumbawe ambaye michirizi ya mkia wake hudaiwa kuwa ni herufi za Kiarabu. Mwenye kutaka kuona herufi ataziona hata katika mawingu. Kijana aliyefundishwa kujengea imani yake juu ya habari kama hizi, siku atakapogundua kuwa ni za uwongo, huenda akadhani na yaliyobaki ni hivyo hivyo. Dini ya haki haina haja ya kusaidiwa kwa uwongo.

Wengine husema: "Watu wote wanaamini, basi ni kweli." Hoja hii ina uzito, lakini si wa kutosha. Hapa Isiolo, Waborana walimwita Mungu Waaq, Waturkana walimwita Akuj, na Wasamburu walimwita Nkai, na majina hayo walikuwa nayo kabla hawajafikiwa na kitabu chochote. Sisi twaona hapo athari ya ile fitra aliyoumbiwa mwanadamu. Lakini asiyeamini atasema kuwa watu wengi wamewahi kukubaliana juu ya kosa, na katika hilo amesema kweli. Basi hoja hii na iwe shahidi wa pili, isiwe ndiyo kesi nzima.

Tatu, tusizitundike aya za Mwenyezi Mungu juu ya kila nadharia ya wanachuoni wa maumbile. Georges Lemaître, kasisi na mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, alieleza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na mwaka 1965 Penzias na Wilson walipata mabaki ya joto la mwanzo huo. Hii ni elimu kubwa, nasi twaifurahia. Lakini Lemaître mwenyewe, juu ya ukasisi wake, hakupenda nadharia yake ifanywe hoja ya dini. Nadharia huongezwa na kupunguzwa. Mwenye kuifanya nguzo ya imani yake ataanguka siku itakapobadilishwa.

TATU: ATHARI NA MWENYE ATHARI

Hoja ya kale, ambayo hata Bedui asiyesoma aliijua, ni kwamba samadi huonyesha kuwa ngamia amepita, na nyayo huonyesha kuwa msafiri amepita. Basi mbingu na ardhi zitakosaje kumwonyesha aliyeziumba? Mtu wa Isiolo haelezwi hoja hii mara mbili. Mchungaji aliyepotelewa na ngamia huinama akatazama mchanga, akajua ni ngamia wangapi na wameelekea wapi, naye hajawaona kwa macho.

Wataalamu wa elimu ya leo nao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilizikuta Laetoli, Tanzania, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zimegandishwa katika majivu ya volkano ambayo wataalamu wanayakisia kuwa na umri wa miaka milioni 3.6. Hatuingii hapa katika mabishano ya asili ya mwanadamu. Tunalotaka ni hili tu: hapana mtaalamu hata mmoja aliyesema, "Sikumwona aliyetembea, basi hakutembea mtu."

Asiyeamini mwenye akili atajibu: "Ngamia tumewahi kumwona, ndiyo maana twazijua nyayo zake. Lakini ulimwengu ni mmoja, wala hatukuwahi kuona ulimwengu ukiumbwa, tukapata kulinganisha." Hili ni pingamizi la nguvu, nasi hatulidharau. Jawabu lake liko karibu na nyumba zenu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, katika jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuchungua miale ya eksirei inayotoka mbinguni. Chombo hicho kilisaidia kuonyesha kwamba mahali panapoitwa Cygnus X-1 pana kitu kizito mno, kisichotoa mwanga wowote, na nyota kubwa inakizunguka. Wataalamu wakakata kuwa ni shimo jeusi. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuona shimo jeusi kabla ya hapo hata alinganishe. Walilijua kwa akili: athari hizi hazielezeki ila kwa kuwapo kitu hiki.

Kwa hiyo asiyeamini asituambie kwamba kisichoonekana, wala hakikuwahi kuonekana mfano wake, hakiwezi kujulikana. Njia ya kutoka kwenye athari kwenda kwa mwenye athari ni njia anayoikubali yeye mwenyewe. Hatudai kwamba kujua shimo jeusi ni sawa na kumjua Mola, kwani hapana kilicho mfano wake. Tunadai kwamba mlango huu wa akili uko wazi kwetu sote.

NNE: HOJA YA MWENYE KUJITOSHELEZA

Hoja iliyo na nguvu zaidi, waliyoieleza kina Ibn Sina na wanavyuoni wa kalamu baada yake, ni kwamba kila kitu tunachokijua kingeweza kutokuwapo. Wewe ungeweza kutozaliwa. Mto wa Ewaso Ng'iro ungeweza kutopita hapa. Jua lenyewe lingeweza kutokuwako. Kitu cha namna hii hakina kuwapo kwa dhati yake; kimepewa kuwapo na kingine.

Chukueni mfano wa soko la mifugo. Umemwuzia mtu ng'ombe, ukamdai fedha. Akakwambia, "Fedha zako ziko kwa fulani, akinilipa nitakulipa." Ukamwendea fulani, naye akasema, "Zangu ziko kwa mwenzangu," na mwenzake naye akasema vivyo hivyo. Lau wote, hata wawe maelfu, ni watu wa kungojea kupewa, hapana senti moja itakayofika mkononi mwako. Kurefusha mlolongo hakuzalishi fedha. Siku utakapolipwa, umejua kwa yakini kuwa yuko mmoja mwenye fedha zake mwenyewe, asiyemngojea mtu.

Na kuwapo tumekupata: sisi hawa tuko. Basi hapana budi yuko Mwenye kuwapo kwa dhati yake, asiyepewa na yeyote. Huyo ndiye Mwenye kujitosheleza, tunayemtaja kwa jina la Al-Ghaniyy. Katika Suratut-Tur watu wanaulizwa kama wameumbwa pasi na chochote, au kama wao ndio waliojiumba. Jubayr bin Mut'im alipomsikia Mtume (s.a.w.) akiisoma sura hiyo katika sala ya magharibi, naye bado hajasilimu, alisimulia baadaye kuwa moyo wake ulikaribia kuruka. Mbele yake hapakufanywa ajabu yoyote. Aliulizwa swali tu, naye akalifahamu.

Hapa kijana huuliza: "Basi Mungu naye aliumbwa na nani?" Asipigwe kofi, ajibiwe. Hatukusema kila kilichoko kina aliyekiumba. Tumesema kila kinachongoja kupewa kina aliyekipa. Kumwuliza mwenye mali yake amekopa wapi ni kutolifahamu swali lenyewe.

TANO: SWALI LA UKAME

Liko swali ambalo si la vitabuni. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika nchi hizi za kaskazini. Mifugo ilikufa kwa wingi, na mtu aliyekuwa tajiri alirudi mjini na fimbo yake tu. Mtu kama huyu akiuliza, "Kama Mungu yuko, yuwapi?", mwenye elimu asimkimbilie na Ibn Sina.

Kwa hoja, jibu liko. Swali hili si la kuwapo kwa Mungu, bali ni la hekima na uadilifu wake. Na akili inayoona sehemu ndogo ya jambo haiwezi kuhukumu jambo zima. Tena anayelalamika kuwa haya si haki amekiri kuwa iko haki iliyo juu ya matakwa ya watu, nasi twamwuliza mizani hiyo ameipata wapi. Lakini hoja hii, ijapokuwa sahihi, haimshibishi mwenye njaa. Mtu huyu hutazama kwanza tuliyoyatenda. Akiona msikiti una mazulia mapya na jirani wa msikiti hana unga, hapana kitabu kitakachomsadikisha. Zaka ikimfikia kwa heshima, pasipo kupigwa picha wala kutangazwa, huenda akaisikiliza na hoja.

SITA: MPAKA WA HOJA

Yatupasa pia tujue mpaka wa hoja zetu. Akili yaweza kumfikisha mtu kukubali kuwa yuko Mmoja, Mwenye kujitosheleza, asili ya kila kilichoko. Kwamba Mola huyo anasikia dua, anaamrisha sala na atatufufua, hayo hujulikana kwa ujumbe wa Mitume, na ukweli wa Mtume ni somo jingine lenye dalili zake. Mwenye kutaka kuyathibitisha yote kwa neno moja hatathibitisha lolote. Na uongofu wenyewe uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu; juu yetu ni kufikisha kwa hekima na kwa njia iliyo bora.

Enyi wazazi na walimu, mlango wa maswali msiufunge. Kijana anayekuuliza bado anakuamini. Wa kuogopewa ni yule aliyekwisha kuacha kuuliza.

MASWALI YA DARASA

1. Kuna tofauti gani baina ya ombi la Nabii Ibrahim na ombi la wale waliotajwa katika Suratul-Hijr?
2. Kwa nini hoja ya wingi wa wanaoamini haitoshi peke yake?
3. Eleza mfano wa deni la sokoni kwa maneno yako, kisha umjibu anayeuliza aliyemuumba Mungu.
4. Katika mtaa wenu, ni nani aliyepatwa na msiba mwaka huu ambaye hamjamtembelea?

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa haki na atujaalie kuifuata. Amin.