Usiache Kipanya Kiuharibu Mkono Wako

Je, huamka usiku wa manane ukaukung'uta mkono kwa sababu vidole vimekufa ganzi? Kama wewe ni mchoraji wa ramani za majengo, au una kijana nyumbani anayefanya kazi hiyo, soma makala haya kwa makini.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, ujenzi umepamba moto katika mji wa Garissa. Madarasa, zahanati, vidimbwi vya maji ya mifugo na nyumba za kupangisha hupitia kwanza mikononi mwa mchoraji. Siku hizi huyu hashiki rula na wino bali kompyuta, mara nyingi yenye programu ya AutoCAD, iliyotolewa kwanza mwaka wa 1982. Mkono wake ukilemaa, riziki imekatika.

Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba iliyozungushiwa mifupa midogo na utepe mgumu. Kano 9 zinazokunja vidole hupita humo pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, mifupa haisogei, hivyo mshipa ndio unaobanwa. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Kikiwa hicho ndicho kinachokufa ganzi, huenda shida iko kwenye kiwiko au shingo. Ukipuuza, misuli iliyo chini ya kidole gumba hunywea na vikombe huanza kukuponyoka.

Sisemi kwamba kompyuta ndiyo chanzo cha kila mkono unaouma. Wataalamu wangali wanabishana ni kwa kiasi gani kipanya huchangia kubanwa kwa mshipa huo. Kisukari, ujauzito, unene na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huchangia pia. Hata mkono unaokamua ngamia kila alfajiri waweza kupata maradhi hayo hayo. Lakini maumivu ya kano na misuli kwa wanaoshika kipanya kutwa nzima ni jambo tunalokutana nalo mara kwa mara.

Sasa mtazame mchoraji kazini. Ili achore mstari, hukipeleka kipanya juu hadi kwenye menyu, akabofya, akarudi kwenye mchoro. Safari hiyo huirudia mara nyingi mno kwa siku, kifundo kikiwa kimepindwa juu. Dawa ya kwanza basi haiko katika duka la dawa. Imo ndani ya programu yenyewe.

AutoCAD ina faili iitwayo acad.pgp, inayohifadhi vifupisho vya amri. Ukiandika L, programu huelewa LINE. Ukiandika O, huelewa OFFSET. Tatizo ni kwamba L, O na M ziko upande wa kulia wa kibodi, na mkono wa kulia umeshika kipanya. Fungua faili hiyo, uweke nakala yake kando kwanza, kisha mwishoni ongeza vifupisho vyako vya herufi za kushoto. Kwa mfano, FF, *OFFSET au VV, *MOVE. Hifadhi, halafu tumia amri ya REINIT ili programu iisome faili upya. Tangu hapo mkono wa kushoto unatoa amri, wa kulia unaelekeza tu. Kidole gumba cha kushoto kibonyeze kitufe kirefu cha nafasi, kwani katika programu hii hufanya kazi ya kukubali amri.

Menyu nazo zinapangika. Amri ya CUI hukuwezesha kukusanya mahali pamoja zile unazozitumia kila siku, na usizozihitaji ukaziondoa machoni. Anza na vifupisho vitano tu. Nimeona vijana wakibadilisha arobaini kwa siku moja, kesho yake wakavisahau vyote.

Kipanya kiwe karibu na mwili, kiwiko kikipumzika, kifundo kikinyooka. Walio Waislamu, nao ndio wengi hapa, tayari wana mapumziko ya adhuhuri na alasiri. Asiyesali naye ainuke wakati huo. Hata hivyo, kutoka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri ni muda mrefu; nyosha vidole walau kila nusu saa. Mwajiri akinung'unika, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka aifanye kazi imfae mfanyakazi.

Tahadhari juu ya vidonge vya maumivu kama diclofenac, vinavyonunuliwa ovyo. Hupunguza uchungu, lakini huumiza tumbo, na kwa joto la Garissa, mwili ukiwa umekauka maji, vyaweza kuharibu figo. Afadhali ufunge kifundo usiku kwa gango la kukinyoosha.

Ganzi ikipita wiki chache, au ukiona mkono unakosa nguvu, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au kwa daktari aliye karibu nawe. Kabla ya kwenda, chora kiganja chako kwenye karatasi na utie rangi sehemu zinazokufa ganzi. Mchoro huo utamsaidia daktari kujua ni mshipa upi umebanwa.