Asidi ya Betri na Motokaa Kuukuu Katika Nchi ya Turkana

Njia itokayo Lodwar kwenda Kakuma, na kutoka Kakuma hata Lokichoggio karibu na mpaka wa Sudan Kusini, ni safari ya zaidi ya kilomita 200 katika nchi kavu. Motokaa ikizimika huko na kukataa kuwaka tena, abiria huweza kukaa juani kutwa nzima wakingoja msaada. Na kama ndani yake yumo mgonjwa anayepelekwa hospitali, hasara ya kuchelewa haipimwi kwa fedha.

Aghalabu watu hudhani kwamba injini ndiyo iliyokufa. Kumbe mara nyingi injini ni nzima, na kizuizi ni unga mweupe au wa rangi ya buluu ulioota juu ya vichwa vya betri. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na unga huo ni mwiba unaodharauliwa na wengi.

Motokaa kuukuu zina sifa kubwa katika nchi ngumu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, na bodi yake ilifanywa kwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1989 Lokichoggio ikawa kituo cha msaada wa Operation Lifeline Sudan, na mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ikafunguliwa Kakuma, hata misafara ya magari ikawa jambo la kila siku katika njia hiyo. Lakini asidi haijali sifa ya motokaa. Hula chuma, hula alumini, hula shaba ya waya, na motokaa iliyostahimili miaka 50 ya mawe na mchanga yaweza kutobolewa na matone machache.

UNGA HUO HUTOKA WAPI?

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri ya volti 12 ina vyumba 6. Katika kila chumba zimo sahani za risasi zilizozama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Betri iliyojaa umeme, ikipumzika, huonyesha karibu volti 12.6.

Injini inapozunguka, dinamo au alteneta huirudishia betri umeme wake. Ndipo sehemu ndogo ya maji hugeuka kuwa gesi, na mapovu yake hupanda na kubeba matone madogo sana ya asidi hata nje ya vizibo. Matone hayo yakigusa risasi hufanya unga mweupe; yakigusa shaba hufanya unga wa buluu. Unga huo huzuia umeme. Taa zaweza kuwaka kama kawaida, kwa kuwa zataka umeme kidogo, lakini stata, itakayo umeme mwingi kwa mara moja, hulia “tak” na kunyamaza.

Katika Turkana yako mambo matatu yazidishayo madhara hayo. La kwanza ni joto. Mchana wa Lodwar hupita mara nyingi nyuzi 35 za Selsiasi, na chini ya boneti huzidi hapo. Kila joto likiongezeka nyuzi 10, kazi ya asidi ndani ya betri huenda mbio karibu mara mbili, na maisha ya betri hupungua karibu nusu. La pili ni vumbi. Vumbi likichanganyika na unyevu wa asidi hufanya utando juu ya betri, nao huvujisha umeme usiku na mchana hata motokaa ikiwa imesimama. La tatu ni mtikisiko wa kuvuka makorongo, ambao humwaga asidi ya betri iliyojazwa kupita kiasi au isiyofungwa imara.

NAMNA YA KUSAFISHA

Dawa ya asidi haiko mbali. Ni magadi, yale yauzwayo madukani kwa kulainishia mboga na maharagwe. Kazi na ifuatwe kwa taratibu hii:

1. Injini izimwe, na pasiwe na sigara wala moto karibu, kwa maana gesi ya betri yaweza kulipuka. Mwenye kuvaa vikuku vya chuma au shaba, saa, au kisu cha mkononi kama desturi ya wazee wa Kiturkana, na avivue kwanza. Macho yakingwe kwa miwani, na maji safi yawe tayari.

2. Uanze kufunguliwa waya ule uliofungwa kwenye bodi ya motokaa. Hapa yataka uangalifu: katika motokaa nyingi za Kiingereza zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, waya wa bodi ni ule wa alama ya kujumlisha (+), si wa kutoa (−) kama ilivyo leo. Basi ufuatwe waya wenyewe kwa macho, isifuatwe mazoea.

3. Vizibo vya vyumba vikazwe, na matundu yake yafunikwe, ili magadi yasiingie ndani na kuiharibu asidi.

4. Kijiko kikubwa kimoja cha magadi kikorogwe katika nusu lita ya maji, na maji hayo yapakwe penye unga kwa brashi. Povu litatoka. Likikoma kutoka hata yakiongezwa maji mengine ya magadi, asidi imekwisha. Kisha pasuuzwe kwa maji safi na kukaushwa.

5. Vichwa na vibano visuguliwe kwa brashi ya waya hata risasi ing’ae.

6. Betri iinuliwe, na kikalio chake kioshwe vivyo hivyo, kikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Kipande cha tyubu kuukuu kikitandikwa chini ya betri hupunguza mtikisiko.

7. Betri ifungwe imara, matundu yafunuliwe, na waya wa bodi urudishwe mwisho. Vibano vikiisha kukazwa, vipakwe vaselini nyembamba ili hewa na asidi zisifike.

MAJI YA BETRI NA UMEME WAKE

Betri yenye vizibo hukaguliwa maji yake kila wiki wakati wa joto. Sahani zifunikwe daima, lakini maji yasipite alama. Yatiwe maji ya betri yaliyotoneshwa, yauzwayo kwa kazi hiyo, wala si maji ya kisima, na maji ya Ziwa Turkana hayafai kabisa, kwa kuwa yana chumvi na magadi. Wala asidi isiongezwe, kwa sababu ipunguayo kwa joto ni maji; asidi hubaki.

Unga ukirudi upesi baada ya kusafishwa, sababu yaweza kuwa umeme unaozidi. Injini ikizunguka, kipimo cha volti chapasa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Kikipita 15, regileta itengenezwe kabla betri haijachemka.

ASIDI MWILINI NA BETRI MBOVU

Asidi ikigusa ngozi, ioshwe mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi, ndipo mtu apelekwe kwa mganga. Maji ya magadi yasitiwe jichoni kamwe.

Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani wala kumwagwa ndani ya laga ambamo watu huchimba maji ya kunywa wao na mifugo yao. Risasi ni sumu inayodhuru watoto hasa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Iliyo bora ni kumrudishia mwuza betri ile mbovu wakati wa kununua mpya.

Kazi yote hii haizidi saa moja kwa mwezi, na gharama yake ni magadi kidogo, vaselini na brashi. Dereva aifanyaye kabla ya kuondoka Lodwar ana tumaini jema la kuwafikisha abiria wake Lokichoggio.