Dondoo muhimu: Kusaka vitu vya kale Tetbury

Tetbury, mji mdogo wa Gloucestershire nchini Uingereza, una maduka mengi ya vitu vya kale, na yote utayazunguka kwa miguu. Treni haifiki mjini: panda London Paddington, ushuke Kemble, kisha uchukue basi au teksi. Jumamosi ndiyo siku yake. Jumapili baadhi ya maduka hufungwa.

Ukishika kijiko cha fedha, kigeuze kabla hujauliza bei. Mhuri wa simba anayetembea ni alama ya fedha halisi ya Kiingereza. Nanga maana yake kilipimwa Birmingham. Kichwa cha chui, London. Ukikuta herufi EPNS, hicho kimepakwa fedha juujuu tu. Mezani kitapendeza, lakini usikilipie bei ya fedha.

Kupatana bei si aibu, ila acha kelele za sokoni. Uliza kwa upole bei ya mwisho, hasa ukichukua viwili.

Na zile noti za karatasi alizokuachia mjomba? Tangu Oktoba 2022 madukani hazipokelewi. Hutumika za plastiki tu.