Saketi yangu inaigwa polepole: ninunue kompyuta mpya?

*Nimeandika programu ya kuiga saketi za dijitali. Saketi ndogo zinakwenda vizuri, ila zenye maelfu ya mageti zinachukua muda mrefu mno. Je, prosesa yangu ni dhaifu? – Mwanafunzi wa uhandisi*

Usikimbilie dukani. Yaelekea programu yako inalikokotoa kila geti kwa msururu wa masharti, na muda mwingi unapotea prosesa ikikisia vibaya tawi la kufuata au ikisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu. Acha kukokotoa jibu unaloweza kulisoma. Chukua kijumlishi chenye maingizo 3: jedwali lake la ukweli, likiandikwa kama safu ya biti, ni 01101001 kwa jumla na 00010111 kwa namba inayobebwa. Maingizo 110 ni anwani ya 6. Ukihesabu kuanzia 0, utasoma hapo 0 na 1. Basi.

Utasema majedwali yatavimba, na hoja hiyo ni nzito: maingizo 10 yanahitaji biti 1,024, lakini 32 yanafikia megabaiti 512. Ndiyo maana saketi hukatwa vipande. Kipande cha maingizo 6 kinaenea ndani ya neno moja la biti 64, na tokeo lake huwa sehemu ya anwani ya kipande kinachofuata.

Njia hii, hata hivyo, haionyeshi ucheleweshaji wa mageti. Kwa makosa ya muda, tumia kiigaji kinachofuata matukio. Pima kwanza programu inapokwama. Ikiwa si kwenye mageti, mpelekee msimamizi wako vipimo hivyo.