Mbuzi, mtego na Mwanzo 1:28

SWALI: Mwanzo 1:28 inatupa mamlaka juu ya wanyama. Mbona mchungaji wetu anakemea uwindaji na kuchoma pori? – Msomaji, Kasongo

JIBU: Mstari huo hausimami peke yake. Katika Mwanzo 2:15 Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na ruhusa ya kula nyama inatolewa sura ya 9, baada ya gharika. Kwa hiyo mwindaji wa Kabambare hatendi dhambi kwa kuwinda tu. Suala ni anawindaje.

Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inamruhusu aliyekuta kiota kuchukua makinda, lakini mama amwache aende. Mwindaji yeyote anaelewa sababu: mama akibaki, mwakani kutakuwa na makinda wengine. Mtego wa waya hauchagui. Unamnasa mwenye mimba, unamnasa hata okapi, mnyama anayelindwa na sheria za Kongo. Kwa kuwalinda wanyama kama huyo, mkoa wa Maniema una bahati ya kuwa na msitu wake: Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa 2016, inayoingia pia mkoa wa Tshopo.

Kuhusu moto, Walawi 25:4 inaipa ardhi pumziko kila mwaka wa saba. Wazee nao waliliacha shamba la mihogo lililochoka lirudie kuwa kichaka. Kuchoma palepale kila kiangazi, bila pumziko, kunaumaliza udongo.

Na mbuzi anayening'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli hadi sokoni? Msomaji asome Mithali 12:10, kisha amfungue.