Je, Jua Litachomoza Kesho?

Kila mwanafunzi ajua ya kuwa jua litachomoza kesho. Lakini akiulizwa, "Umejuaje?" atajibu nini? Labda atasema, "Limechomoza kila siku." Vema, lakini hizo ni habari za siku zilizopita, kesho hajaiona. Akisema dunia huzunguka kwenye mhimili wake, hilo nalo watu walilijua kwa kutazama mambo yaliyokwisha kupita.

David Hume, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1711, alilichunguza sana swali hili. Alionyesha kwamba tunadhani yajayo yatafanana na yaliyopita. Dhana hiyo yathibitishwaje? Ukisema, "Siku zote yamefanana," umelitumia jambo lile lile unalotakiwa kulithibitisha, kama mdaiwa anayejidhamini mwenyewe. Kinachotuvusha hapo, alisema Hume, si hoja bali mazoea.

Zaidi ya miaka 600 kabla yake, al-Ghazali wa Tus, huko Uajemi, alitoa mfano wa pamba na moto. Twaona pamba ikiguswa na moto, kisha twaiona ikiungua. Jicho laona mambo mawili yakifuatana. Ulazima wa kuyafunga pamoja halikuuona kamwe. Yeye alisema mwunguzaji hasa ni Mungu. Hume hakufika huko.

Msidhani haya ni mabishano ya bure. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba kila bata maji ni mweupe, maana hawakupata kuona wa rangi nyingine. Mwaka 1697 Waholanzi waliosafiri na Willem de Vlamingh waliwakuta weusi mtoni, Australia ya Magharibi. Weupe maelfu hawakutosha kuithibitisha kauli ile. Mweusi mmoja alitosha kuivunja.

Basi ukimaliza jaribio lako katika maabara, kabla ya kuandika "Imethibitika," jiulize umeona mara ngapi. (Hesabu ni kitu kingine. Witiri mbili zikijumlishwa hutoa shufwa, wala hatuna haja ya kungoja kesho tuone.)

Na Hume mwenyewe aliishije na mashaka hayo? Aliandika kwamba yakimlemea alikula chakula chake, akacheza na kuzungumza na rafiki zake. Baada ya saa tatu au nne, alipotaka kurudi kwenye hoja zake, aliziona hazina ladha. Lakini hakuzifuta kitabuni.